Maswali ya Wasomaji: Nani Atawalea Wanyama wa Marehemu?

Barua tano tulizochagua kwa toleo hili zinahusu jambo ambalo familia nyingi hulikuta bila kulitarajia: mtu amefariki, amezikwa, wageni wameondoka, na pale uani wamebaki mbwa au paka waliokuwa wakimtegemea yeye kwa kila kitu. Majibu yametolewa na daktari wa mifugo wa safu hii.

Mama ameacha mbwa wawili na paka watatu

*Shikamoo Daktari. Mama yetu alifariki mwezi uliopita hapa Tanga. Sisi watoto tuko wanne na sote tunaishi mbali. Tangu matanga yaishe, dada aliyekuwa akimsaidia mama kazi za nyumbani ndiye anayewalisha wanyama wake, lakini nyumba itapangishwa na yeye anarudi kwao Lushoto. Kaka yetu mkubwa anasema paka wapelekwe soko la samaki wakajitafutie, na mbwa wafunguliwe waende zao. Mama aliwapenda mno wanyama hawa na jambo hili linaninyima usingizi. Tufanye nini, na ni nani mwenye haki ya kuamua? — Binti wa marehemu*

Marahaba, mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Naomba umweleze kaka yako, kwa heshima anayostahili kama mkubwa wenu, kwamba njia zote mbili alizozipendekeza zitawaua wanyama hao polepole. Paka aliyelelewa jikoni hajui kugombania vichwa vya samaki na paka wa sokoni ambao kila mmoja ana eneo lake na hulilinda kwa makucha. Atafukuzwa, atajeruhiwa, na mara nyingi atajaribu kurudi nyumbani kwa miguu na kugongwa na gari njiani. Mbwa aliyefunguliwa naye huhesabiwa kuwa mbwa koko siku hiyo hiyo, na katika miji yetu mbwa wasio na mwenyewe wamekuwa wakiuawa kwa sumu au kwa risasi kila inapozuka hofu ya kichaa cha mbwa. Zaidi ya hayo, Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo inamtaka mtu mwenye mnyama mikononi mwake kumpa chakula, maji, makazi na matibabu, na wajibu huo haukuzikwa pamoja na mama yenu.

Kuhusu mwenye haki ya kuamua, mnyama wa kufugwa ni mali ya marehemu kama zilivyo mali zake nyingine, kwa hiyo uamuzi wa mwisho ni wa msimamizi wa mirathi atakayethibitishwa na mahakama, akisikiliza maoni yenu warithi. Lakini mirathi huchukua miezi, na mbwa hali kwa miezi. Ndiyo maana nawashauri mtenganishe mambo mawili ambayo familia nyingi huyachanganya: anayemtunza mnyama kwa sasa, na atakayemchukua moja kwa moja. Kumlisha mnyama wa marehemu na kumpeleka kwa daktari si kujitwalia mali. Ni kuitunza isipotee, na hakuna mrithi atakayeweza kulalamika kwa hilo. Mkikaa kikao cha ukoo, wanyama hao watano watajwe mmoja mmoja katika muhtasari, kama mnavyotaja shamba na samani, na liandikwe jina la mtu mmoja anayewajibika nao hadi wapatiwe nyumba. Nasisitiza mtu mmoja, kwa sababu nimeona mara nyingi kwamba pale ambapo familia nzima imesema “tutawaangalia”, kila mmoja alidhani mwenzake amewalisha.

Yule dada anayewalisha ndiye mwenye taarifa zote mnazozihitaji, basi kabla hajaondoka kaeni naye kitako mwandike anachokijua: kila mnyama anaitwa nani, ana umri gani, anakula nini na saa ngapi, amechanjwa lini, nani kati yao hawaelewani, nani anaogopa watoto, nani amewahi kumng'ata mtu. La mwisho hili msilifiche hata kidogo mnapotafuta mlezi, kwani mbwa anayekabidhiwa kwa uongo hurudishwa, na safari ya pili huwa ngumu kuliko ya kwanza. Mpeni dada huyo malipo ya siku hizi anazowatunza, na muulizeni kama yeye mwenyewe angependa kumchukua mmoja wao. Watu husahau kumuuliza, ilhali mara nyingi yeye ndiye aliyebaki ambaye wanyama wanamjua kwa sauti na kwa harufu.

Kisha waiteni daktari au afisa mifugo wa kata awakague wote. Mbwa na paka wapate chanjo ya kichaa cha mbwa kama muda wake umepita, wapewe dawa ya minyoo, na wale ambao hawajahasiwa au kufungwa uzazi wafanyiwe hivyo kabla ya kutolewa. Paka jike hubeba mimba kwa takriban siku 63 hadi 65, na mlezi aliyekubali paka mmoja kwa moyo mweupe akijikuta na sita baada ya miezi miwili, hatakuwa na moyo huo tena.

Mnapotafuta nyumba, anzeni na watu waliomfahamu mama: majirani, wenzake wa msikitini au kanisani, wanachama wa kikundi chake cha kuweka na kukopa, muuza samaki aliyempelekea dagaa wa paka. Mtu anayemchukua mnyama kwa ajili ya kumbukumbu ya rafiki yake huvumilia zaidi siku za mwanzo zinapokuwa ngumu. Tangazo katika kundi la WhatsApp la mtaa pia husaidia, ila msimkabidhi mtu msiyemjua kabla ya kwenda kuona anapoishi. Angalieni kama kuna uzio, kama mbwa atakuwa amefungwa mnyororo mchana kutwa, na nani atamlisha mwenye nyumba akisafiri. Kama mbwa hao wawili wamezeeka pamoja, jitahidini wasitenganishwe. Paka mara nyingi wanaweza kutengana bila madhara makubwa, isipokuwa wale wanaolala wamekumbatiana. Wekeaneni muda wa majaribio wa wiki mbili, na mseme wazi kwamba mlezi akishindwa amrudishe kwenu, asimpe mtu mwingine.

Wanyama nao wanaomboleza, ingawa hatujui kwa hakika wanaelewa nini kuhusu kifo. Mbwa anaweza kulala mlangoni akisubiri, akakataa chakula, akalia usiku. Hilo kwa kawaida hupungua kadiri wiki zinavyopita, mradi saa za kula na za kutembea hazibadiliki ovyo. Paka ni wa kuangaliwa kwa karibu zaidi, kwa sababu paka asiyekula kwa siku mbili au tatu, hasa akiwa mnene, anaweza kupata ugonjwa wa ini kujaa mafuta, nao unaua. Huyo apelekwe kwa daktari bila kungoja. Katika nyumba mpya paka awekwe kwanza katika chumba kimoja chenye maji, chakula na beseni la mchanga, na asitolewe nje kwa wiki mbili au tatu, la sivyo atarudi kwenye nyumba ya zamani na kumkuta mpangaji. Na mnapogawa nguo za marehemu, bakizeni kanga moja au mbili ambazo hazijafuliwa, mumtandikie kila mnyama kipande mahali pake pa kulala. Harufu ya mama yenu itawatuliza kuliko dawa yoyote niliyo nayo mimi.

Jirani ameacha mbwa, na nyumba yetu ni ya Kiislamu

*Assalaam alaykum Daktari. Mzee jirani yetu hapa Kisauni, Mombasa, amefariki akaacha mbwa mmoja wa ulinzi. Mwanawe yuko Muscat na hana nia ya kurudi. Kabla ya kufariki, mzee alisema mbele yetu kwamba sehemu ya kodi ya chumba chake kimoja itumike kumlisha mbwa huyo. Mke wangu anamhurumia, lakini anaogopa habari ya najisi. Je, maneno ya mzee yana nguvu, na je, sisi tunaweza kumchukua? — Jirani, Kisauni*

Waalaykum salaam warahmatullah. Mimi ni daktari wa mifugo, si kadhi, na suala la wasia huo inafaa mlipeleke kwa Kadhi pamoja na mwana wa marehemu na mashahidi waliosikia. Ninayoweza kuyasema ni yale yanayojulikana na watu wengi: mnyama harithi, na wasia wa Muislamu hauvuki theluthi ya mali yake ila kwa ridhaa ya warithi, kwa mujibu wa hadithi mashuhuri ya Saad bin Abi Waqqas. Kiasi cha kumlisha mbwa mmoja kutoka katika kodi ya chumba kimoja ni kidogo sana ukilinganisha na theluthi ya nyumba, na nadhani mwana huyo, akipigiwa simu kwa upole na kuelezwa alichokitamka baba yake, ataridhia bila ubishi. Mpelekeeni pia picha ya mbwa mwenyewe. Huenda alimwacha angali mtoto.

Kuhusu kumchukua, Mtume (S.A.W.) aliruhusu mbwa wa mifugo, wa shamba na wa kuwinda, na wanazuoni wengi wamemkisia humo mbwa wa ulinzi. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, mbwa hauzwi, kwa hiyo msimtafutie bei wala msikubali mtu amnunue. Akabidhiwe tu kwa anayemhitaji. Hofu ya mama wa nyumba ni halali na isipuuzwe. Mbwa huyo ajengewe banda lake uani, mbali na mlango na mahali pa kusalia, awe na sahani zake ambazo hazioshwi pamoja na vyombo vya jikoni, na watoto wafundishwe kutolambwa. Mbwa aliyezoea kulinda nje hatateseka kwa kukaa nje. Atateseka kwa njaa, kiu na jua lisilo na kivuli. Mkeo amekwisha kuonyesha huruma, nayo ni huruma yenye asili katika dini yenu: mna hadithi ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu, na ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula wala kumwacha ajitafutie.

Ikiwa bado mtaona haiwezekani, mbwa wa ulinzi aliyefunzwa hupata nyumba kwa urahisi kuliko mbwa mwingine yeyote, hasa kwenye mashamba ya Kilifi na Kwale. Mhakikishe tu kwamba amechanjwa na ana kadi. Na kwa kuwa msiba huleta wageni wengi, nikumbushe jambo ambalo lingefaa kusemwa siku ya kwanza: mbwa wa ulinzi atengwe mahali tulivu watu wanapokusanyika, na mtu yeyote akiumwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali hata kama mbwa anaonekana mzima.

Nataka kumleta Uingereza paka wa baba

*Daktari, habari za kazi. Ninaishi Reading. Baba yangu amefariki Nairobi na ameacha paka jike mwenye umri wa miaka 11, ambaye alikuwa naye tangu mama alipotutoka. Ninatamani kumleta huku nikae naye. Nimerudi kazini na nina wiki chache tu za kulipanga hili. — Mwanao aliye mbali*

Pole sana, mwanangu, kwa kuwapoteza wazazi wote wawili. Wiki chache hazitoshi, na ni bora ulijue hilo sasa kuliko kulijua uwanja wa ndege. Uingereza haiihesabu Kenya miongoni mwa nchi ambazo wanyama wake huingia kwa utaratibu mwepesi. Paka lazima kwanza awekewe kidude cha utambulisho chini ya ngozi, kisha achanjwe kichaa cha mbwa. Chanjo iliyotangulia kidude hicho haihesabiki, hata kama kadi ya baba yako inaonyesha kila kitu. Baada ya siku 30 au zaidi hutolewa damu na kupelekwa kwenye maabara iliyoidhinishwa, na damu ikionyesha kinga ya kutosha, paka husubiri miezi 3 tangu siku ilipotolewa ndipo aruhusiwe kuingia. Ukijumlisha, ni zaidi ya miezi 4, na kwa ndege atasafiri kama mzigo kwa njia zilizoidhinishwa tu, si kwenye kiti karibu nawe.

Kwa hiyo utahitaji mlezi wa Nairobi kwa muda huo wote, utake usitake. Tafuta jirani au ndugu aliyezoeleka na paka huyo, umtumie fedha za chakula na za daktari kila mwezi, na mumwache katika mazingira yale yale kama nyumba haijachukuliwa. Kama hakuna kabisa, chama cha kulinda na kutunza wanyama cha Kenya, KSPCA, ambacho asili yake ni mwaka 1910, huwapokea na kuwatafutia wanyama walezi wapya. Lakini wapigie simu mapema, kwa kuwa makao ya aina hiyo hujaa, na paka mzee aliyezoea mtu mmoja hupata shida kukaa karibu na wanyama wengi wanaolia.

Niruhusu niseme jambo moja la moyoni. Paka wa miaka 11 ana miaka kadhaa mizuri mbele yake, lakini kabla hujaanza gharama hizi mpeleke akapimwe figo na meno, halafu ujiulize kama safari ni kwa faida yake au ni kwa faraja yako. Zote mbili ni sababu za haki. Ila ikitokea kwamba mlezi wa Nairobi amempenda na paka ameanza kulala miguuni pake baada ya miezi hiyo 4, kumwacha hapo hakutakuwa kumtupa baba yako.

Sina mtoto karibu, nijiandae vipi?

*Mimi ni mwalimu mstaafu hapa Nakuru, mjane, nina miaka 74. Nina mbwa wa miaka 4 na paka wa miaka 2. Nimesikia kwamba Marekani kuna mbwa aliyerithi mamilioni ya dola. Je, nami naweza kuwaandikia wanyama wangu urithi? — Mwalimu*

Shikamoo Mwalimu, na nakushukuru kwa kuuliza ungali na nguvu. Habari uliyoisikia ni ya kweli: Leona Helmsley, tajiri wa hoteli wa New York aliyefariki mwaka 2007, alimwekea mbwa wake aitwaye Trouble mfuko wa amana wa dola milioni 12, na mwaka 2008 jaji akaupunguza hadi dola milioni 2. Hilo liliwezekana kwa sababu majimbo ya huko yana sheria ya amana kwa ajili ya wanyama. Kwako Kenya njia iliyo salama ni kumwachia fedha mtu, si mnyama, ukieleza kwamba unampa ili amlee mbwa na paka wako.

Mbwa wako anaweza kuishi miaka mingine 8 au zaidi, na paka anayetunzwa vizuri hufika miaka 15, hata 20. Chagua basi mtu mwenye umri mdogo kuliko wako, na wa pili wa akiba, uwaulize ana kwa ana, nao wakubali kwa kinywa chao. Usiridhike na “usijali, tutaona”. Waje nyumbani mara kwa mara, wampeleke mbwa matembezini, na angalau mara moja mbwa akalale kwao. Kufikia siku ya haja, awe anaijua nyumba hiyo.

Wasia wa maandishi katika sheria ya urithi ya Kenya, Sura ya 160, unahitaji mashahidi wawili, na huyo unayemwachia fedha asiwe mmoja wao, kwani zawadi kwa shahidi inaweza kubatilika. Hata hivyo wasia peke yake hautoshi, kwa sababu husomwa baada ya mazishi, na pengine baada ya wiki nyingi. Andika barua nyingine fupi, isiyo ya kisheria, yenye majina ya wanyama, chakula chao, daktari wao na namba za walezi wawili, ubandike nakala ndani ya mlango wa jikoni na uweke nyingine kwenye pochi yako pamoja na kitambulisho. Jirani mmoja awe na ufunguo. Haya yatakusaidia hata ukilazwa hospitali kwa siku tatu tu, jambo ambalo kwa umri wetu ni la karibu zaidi kuliko kifo, na ambalo huwakuta wanyama wengi wamefungiwa ndani bila maji.

Weka pia kiasi kidogo cha fedha mikononi mwa mlezi wa kwanza tangu sasa, kiasi cha chakula cha mwezi mmoja, maana akaunti ya benki hufungwa mwenyewe akifariki. Na kadi za chanjo zikae mahali pamoja na barua hiyo.

Kasuku anaita kwa sauti ya marehemu

*Baba ameacha kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu hapa Kisumu. Anatuita majina yetu kwa sauti ya baba, na mama hawezi kuvumilia. Tumuuze au tumwachie aruke? — Kijana wa Kisumu*

Poleni, na mpe mama pole zangu. Msifanye lolote kati ya hayo mawili. Kasuku aliyeishi kizimbani hajui kutafuta chakula wala kukwepa mwewe, na kasuku wa kijivu tangu Januari 2017 yuko katika kundi la viumbe wanaolindwa zaidi katika biashara ya kimataifa, hivyo kumuuza bila kibali kutawaingiza matatani na sheria. Tafuteni kwanza kibali cha baba kati ya hati zake, kisha mwende ofisi iliyo karibu ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, mwaeleze hali ilivyo, hata kama hamkukiona. Kwenda wenyewe ni bora kuliko kukutwa naye.

Wakati mnangoja, kizimba kihamishiwe kwa ndugu ambaye sauti hiyo haimuumizi, baada ya KWS kuwaelekeza, na asiachwe peke yake chumbani siku nzima, kwa sababu ndege hawa wakikosa wa kuzungumza naye hujinyonyoa manyoya. Msimfunike wala kumkemea kila anapoita. Huyo ni ndege anayeweza kuishi miaka 40 hadi 60, kwa hiyo atakayepewa awe kijana, na ajue anachokikubali. Na kabla hamjamtoa, mwulizeni mama tena baada ya miezi michache. Nimeona wajane wawili waliobadili mawazo na kuomba ndege arudishwe, na mmoja wao alikuta amekwisha kupelekwa mbali.